Jina la Kendria Ndani ya Duara

Kendria hakuweza kutulia. Bibi yake, Earline, alikuwa akikaanga samaki, naye mjukuu anateleza sakafuni kwa soksi zake, simu mkononi.

"We mtoto, utanimwagia mafuta!"

"Bibi, tazama! Huyu msichana anacheza ngoma yangu!"

Ilikuwa kweli. Kendria aliitunga ngoma ile mwenyewe, kwenye uwanja wa kanisa hapo Orange Mound, mtaa wa Wamarekani weusi mjini Memphis. Sasa msichana wa Kizungu wa California, mwenye wafuasi mamilioni, anaicheza kwenye tangazo la soda. Watu wameandika chini: "Ngoma yake tamu!" Yake! Neno hilo lilimchoma Kendria.

"Umemwambia?"

"Nimemwandikia. Eti aliikuta mtandaoni, haina mwenyewe."

"Haina mwenyewe! Na mtaa mzima ulikuwa unakuita!"

Hapo ndipo palipouma. Kwa vijana wa Orange Mound, mchezaji hajitaji. Anayejitaja huchekwa. Ukiingia kwenye duara, wenzako ndio hukuita jina kwa kelele. Siku ile ya kurekodi walimwita Kendria mpaka sauti zikawakauka.

Alitoka mbio hadi kwa jirani, Bi Rosetta, mfanyakazi wa maktaba anayewafundisha wanamuziki vijana haki zao.

"Nionyeshe video yenu ya kwanza," alisema Bi Rosetta. Akatazama. "Mbona sisikii mkiita?"

"Binamu yangu Terrell aliziondoa sauti zetu, akaweka wimbo. Alisema kelele zinaharibu."

"Basi jina lako lilitoka pamoja na hizo kelele."

Kendria aliketi, akainuka, akazunguka baraza.

"Kwa hiyo kosa letu? Yeye analipwa, sisi tunahubiriwa?"

"Kosa ni lake, na la wenye soda. Sisi tunapika, wengine wanakula. Mama yangu aliyaona haya kwenye muziki, mimi nayaona kwenye simu, na nimechoka! Lakini mwizi tunamjua, mwanangu. Mbona tumwachie mlango wazi?"

"Sasa nifanyeje?"

"Sheria hailindi hatua moja moja. Ila ngoma nzima uliyoipanga na kuirekodi ni mali yako. Isajili kwenye ofisi ya serikali ya hakimiliki. Andika jina lako juu ya video. Na waache watu wakuite!"

Waliwaandikia wenye soda. Hawakujibu. Kendria alilia kwa hasira, kisha miguu ikaanza kumwasha. Akatunga ngoma nyingine. Akairekodi mwanzo hadi mwisho, wenzake wakimwita, akaisajili, jina lake likiwa juu ya video. Terrell alitaka kuweka wimbo.

"Gusa hiyo sauti uone!" Kendria alimwambia, akaiweka mtandaoni kama ilivyo.

Baada ya wiki chache, bibi yake akiwa tena jikoni, simu ililia. Mwalimu wa ngoma wa Detroit alikuwa anamwalika Kendria akafundishe shuleni kwake, kwa malipo. Alituma na video. Wanafunzi wake walikuwa wamesimama duara. Kila mmoja aliyeingia katikati, wenzake walipaza sauti: "Kendria! Kendria!"

"Mbona wote wanaitwa jina lako?" Bibi Earline alishangaa.

"Wanadhani kuita ni sehemu ya ngoma, Bibi."

"Kwani siyo?"

Bibi akazima jiko, akainua mwiko juu, akaita kwa nguvu zake zote: "Kendria!"

Na Kendria akaingia katikati ya sakafu, akacheza.