Darubini ya Eksirei Juu ya Matisi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chemutai aliteka maji ya bomba kwenye mfereji wa mtaa wa Matisi, mjini Kitale. Siku moja mwaka 1997 alifika na habari motomoto. Mwalimu Wakhungu alikuwa amewaeleza darasani kuhusu darubini ndogo ya eksirei iliyorushwa angani ili ichunguze milipuko mikubwa, mbali kupita nyota tunazoziona. Habari tamu, lakini Chemutai aliona haijakolea. Akaitia chumvi.

"Mwalimu amesema inamulika Kitale! Inapenya mabati mpaka mifupa!"

Wanawake wakatazama juu. Mmoja alijifunika karai kichwani. Kufikia Ijumaa, wajawazito wa mtaa walikuwa wamejifungia ndani, maana hospitalini walionywa kwamba eksirei si nzuri kwa mimba.

Mama yake Chemutai alikuwa mmoja wao, naye alikaribia kujifungua. Alitundika blanketi dirishani, na siku yake ya kliniki ikapita hivihivi. Miguu ilivimba, kisha uso. Jumamosi alilalamika kwamba kichwa kinampasuka na macho yanaona ukungu. Nje, mawingu meusi yalikuwa yameshuka kutoka Mlima Elgon, na nyumba ikawa giza mchana kweupe.

Chemutai aliogopa sana. "Mama, twende hospitali. Yale ya kumulika niliongeza mimi."

"Unanidanganya ili nitoke," mama alisema kwa sauti dhaifu. "Si ulisema ni maneno ya mwalimu? Basi nitamsikiliza yeye mwenyewe."

Lo! Uongo wake uliaminiwa na mtaa mzima, na sasa ukweli wake ulikataliwa na mama mzazi! Tena mwalimu alikuwa amekwenda matangani kwao Bungoma. Jumapili Chemutai alimngoja kituoni huku mvua ikimpiga, gari baada ya gari. Mwalimu aliposhuka, Chemutai alimweleza yote bila kuficha neno.

"Ati mimi nilisema hivyo?" Mwalimu Wakhungu alishtuka. Walikimbia hadi nyumbani.

"Mama Chemutai, ile darubini haimuliki mtu," alisema. "Inapokea tu, kama jicho. Miale ya eksirei inayotoka huko angani inazuiwa na hewa, haifiki huku chini. Ndiyo maana darubini ikapelekwa juu. Mimi naogopa huko kuvimba. Tafadhali, twende."

Hospitalini, muuguzi alimpima mama presha, akaikuta juu sana, akatoka mbio kumwita daktari. Chemutai alibaki kwenye benchi.

Kesho yake alimkuta mama amempakata mtoto wa kike.

"Tungechelewa kidogo, tungekufa mimi na huyu mtoto," mama alisema. "Habari ya mwalimu ilitosha vile ilivyokuwa. Jambo ukilisikia, lisimulie kama ulivyolisikia. Haya, nenda kwenye mfereji. Kuna wengine bado wamejifungia."

"Na wakikataa kuniamini, mama?"

"Utarudia mpaka waamini."

Chemutai alichukua ndoo yake akaenda.