Nyumba Moja, Wembe Mmoja

Kelestini alirudi kutoka msituni na hakuitikia shikamoo ya Noela. Lilikuwa jambo dogo, lakini nyumba nzima ya mama yake, Balbina, pale Lupiro ililiona, maana Kelestini alipenda heshima zake; mtoto asipomwamkia alimrudisha aanze upya. Safari hii alimpita binti wa marehemu kaka yake kama anapita kigingi cha mbuzi, akaingia chumbani, akalala na viatu.

Siku ya pili macho yake yalikuwa mekundu. Siku ya tatu alitapika vitu vyeusi kama maji ya masizi, halafu ikaanza kwikwi. Kwikwi ya watu huondoka kwa funda la maji. Hii ilikaa mchana kutwa, ikapenya ukutani, ikafika uani, mpaka Edna, mama yake Noela, akagundua kwamba ungo wake unapepeta mchele kwa kuifuata. Na harufu ikatoka chini ya mlango, harufu ya damu mbichi kwenye nyumba ambayo haikuchinja hata kuku.

"Hiyo siyo kwikwi," Balbina alisema kwa sauti ya chini, rozari mkononi. "Kuna mtu anaongea ndani ya mwanangu, na neno halimaliziki."

Wote walijua ametoka wapi. Kelestini na mwenzake Ponsiano walikuwa wanachonga mtumbwi. Mti waliouangusha ulikuwa na uwazi ndani, popo wakatoka humo wengi mno, na wao wawili wakalala palepale wiki nzima. Ponsiano alifia kambini akitokwa damu puani, na Kelestini ndiye aliyembeba mgongoni hadi kwao. Watu wa Lupiro hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Mti ule ulikuwa na mwenyewe. Jini limebomolewa nyumba, sasa linatafuta nyingine.

Edna alikwenda zahanati. Nesi Yunis alimsikiliza, na alipofika kwenye habari ya damu, nesi akarudi hatua mbili nyuma. Hatua zile mbili zilimtia Edna hofu kuliko yote aliyoyasikia nyumbani.

"Dada Edna, umemgusa?"

"Mama haruhusu mtu kuingia. Anamfuta mwenyewe."

"Basi usimguse, na mtoto asisogee. Nahisi ni homa ya virusi, ile ya kutoa damu. Inakaa kwenye damu, matapishi na jasho la mgonjwa. Haina miguu, dada. Inabebwa na mkono unaomhudumia. Nimeshapiga simu Ifakara, timu inafika kesho asubuhi. Msimpeleke popote."

Edna alirudi akilia njiani. Jini la kwenye hadithi humkamata mlevi na mzinzi. Hili linamngoja yule anayekupenda akufute kinywa.

Alikuta pawatila, trekta dogo la shambani, imeshawashwa, tela limetandikwa mkeka, na Kelestini amelazwa juu. Balbina alikuwa ameamua: nyumba nzima itakwenda kunyolewa. Ndivyo wanavyofanya huku ubaya ukiingia kwenye ukoo. Mgonjwa, ndugu na anayeshukiwa uchawi wote hukaa mbele ya mganga, wananyolewa vichwa na kupakwa dawa, wanarudi nyumbani wakiwa wamoja. Ni jambo jema kwa ugomvi wa ndugu. Limepatanisha wengi.

"Mama, nesi amesema tusubiri kesho."

"Nesi amemzaa Kelestini?" Balbina hakupandisha sauti. "Wewe ni mjane wa mwanangu, mama Noela. Usipotaka kunyolewa, watu watauliza unaficha nini. Mimi nitaenda na mjukuu wangu."

Edna akapanda pembeni kabisa ya tela, Noela mapajani.

Mganga Remigius aliwapokea saa saba mchana, jua likiwaka, majirani wamejaa uani kwake. Akatoa bakuli la dawa na wembe mmoja, mpya, bado umo kwenye karatasi yake.

"Nyumba moja, wembe mmoja," alisema. "Ubaya nao ni mmoja. Tunaanza na mgonjwa."

Edna akautazama ule wembe na kila kitu kikamjia kwa pamoja, fizi za Kelestini zilizokuwa zinavuja, jasho la utosini kwake, ncha ile ikichovywa bakulini, ikitoka kwake ikaenda kwa bibi, ikitoka kwa bibi ikaja kwenye kichwa kidogo alichokisuka mwenyewe Jumapili, na watu wote hawa wakishangilia kwamba jini limefukuzwa huku linatembea wazi mbele yao kutoka ngozi hadi ngozi, na kama angepiga kelele wangemshika yeye na mtoto angenyolewa vilevile.

Akapiga magoti.

"Ni mimi," alisema. "Ubaya ninao mimi. Nilimtakia mabaya shemeji."

Balbina akafunika mdomo.

"Ninyoeni wa mwisho, baba, nyuma ya mgonjwa, yote yanirudie. Lakini mtoto hana kosa. Dawa ikiwa bado safi, aanze yeye."

Remigius akausogeza wembe mbali na mgonjwa. Kukiri ndiko alikokuwa anakutafuta siku zote, na huyu amekiri hata hajaulizwa. Akamwita Noela.

Noela alinyolewa kwanza, akapelekwa kukaa peke yake ukingoni mwa uwanja. Akafuata Balbina. Kisha Kelestini, ambaye alitokwa damu pale wembe ulipogusa na hata pale ambapo haukugusa. Bakuli likawa jekundu. Mganga akauchovya wembe humo, akamwinamia Edna, na Edna akafumba macho. Alisikia ncha ikichana utosini, akasikia dawa ikiwasha ndani ya mchano. Aliogopa sana. Alitamani kuishi.

Vigelegele vikapigwa. Ndipo Noela, aliyekuwa amevumilia kutisha kote kule, akaruka akamkimbilia mama yake kwa mikono miwili.

Edna akarudi nyuma, damu ya bakuli ikimtiririka usoni. Mtoto akasogea, yeye akarudi tena, mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Vigelegele vikakatika.

"Mnaona?" Remigius alinong'ona. "Halijatoka. Limehamia kwake. Anamkimbia mwanawe."

Noela alisimama hatua tatu mbele yake.

"Wewe ni mama?"

Edna alimtazama kile kichwa kisafi, kisicho na mchano hata mmoja.

"Siyo," alisema. "Mama yako hayupo humu. Kimbia."

Noela akapiga yowe, akageuka, akakimbia kuelekea barabarani, na watu wakampisha.