Nilimgeuza Mpenzi Wangu Kuwa Kaka

"Rudia," nilisema kwenye maiki. "Sema, 'Kaka, usiniache.' Sauti ishuke kidogo."

Upande wa pili wa kioo, Shih-kai alivua hedifoni akanitazama.

"Kaka? Wei anamwita Sang kaka? Tangu lini?"

"Hapo kuna walinzi wanasikiliza. Wanajifanya ndugu ili wasikamatwe."

"Aaa! Basi ngoja niitie woga kidogo."

Akafumba macho, akayasema maneno yale mpaka A-Tu, fundi wetu wa sauti, akashika kifua. Mistari kumi na moja. Yote "kaka", "ndugu yangu", "sisi ndugu wawili". Nami nimekaa pale na kikombe changu cha chai, namdanganya mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka sita.

Hakukuwa na walinzi wowote.

Mimi ni Yao-ting, naandika hadithi za gemu hapa Taipei. Shih-kai ni mwigizaji wa sauti. Watu wa kazi yake gemu lenyewe hawalioni. Wanapewa karatasi ya mistari yenye namba, wanaingia kibanda cha kurekodia mmoja mmoja, wanasema, wanaondoka. Nani anaambiwa nini, na kwa sababu gani, wanaelezwa na sisi waandishi. Ukitaka kumdanganya mwigizaji wa sauti, kazi yenyewe imeshakusaidia nusu.

Gemu letu liliitwa *Theluji ya Mpakani*. Jemadari Wei na Tabibu Sang, wanaume wawili wanaopendana, na mwisho wanaoana hekaluni. Sauti ya Wei ni Shih-kai, lakini Sang ndiye niliyemtoa kwake mzima mzima: anavyopuliza uji, anavyonuna, anavyocheka akiwa bado amenuna. Tangazo la kwanza lilipotoka, wawili hao wameshikana mikono, watu walituandikia barua za machozi. Maana watu kama sisi kwenye magemu tulikuwa kichekesho siku zote, yule jamaa mwenye sauti nyembamba anayekufa mapema. Wakatusubiri miaka miwili.

Halafu siku moja kwenye kikao, Dada Fen, mkuu wetu wa kazi, akasema:

"Kuna msambazaji wa ng'ambo anauliza kama mwisho unaweza kupunguzwa makali. Sijamjibu. Mnasemaje?"

Nikanyoosha mkono mimi. Mimi mwenyewe!

"Tuwafanye ndugu wa kiapo. Nitabadilisha maneno tu, wiki moja inanitosha."

"Una uhakika? Wewe ndiye uliyeiandika."

"Nina uhakika, Dada."

Msambazaji hakuwamo kichwani mwangu hata kidogo. Aliyekuwamo ni mama yangu, kule Chiayi. Jina langu linatokea mwanzoni mwa gemu, na majirani wana watoto wanaocheza. Mama alijua Shih-kai ni rafiki ninayechangia naye nyumba. Tukienda kumsalimia, mimi nalala chumbani, Shih-kai analazwa kwenye kochi.

Na mwezi uleule, tukinywa chai ya asubuhi, Shih-kai alikuwa ameniambia:

"Ting, Machi twende tukaandikishe ndoa."

"Gemu likishatoka."

"Gemu linatoka Februari. Mama utamwambia lini?"

"Gemu likishatoka."

Akaweka kijiko chini.

"Nisikilize vizuri. Nakupenda, hilo unalijua. Lakini mimi sioani na mwanaume anayenificha kwa mama yake. Hapo hapana."

Nikasema sawa. Wiki iliyofuata nikamwingiza kibandani.

* * *

Maonyesho ya magemu yalikuwa mwishoni mwa Januari, ukumbi wa Nangang. Dada Fen alimwalika Shih-kai apande jukwaani na sisi. Nilijaribu kumzuia.

"Si una mafua wewe?"

"Mafua gani? Mashabiki wangu wananisubiri. Una nini leo? Umekuwa mweupe kama tofu."

Nilipanga kumwambia jana yake. Nikapanga juzi yake. Ulimi ukawa mzito kila mara, na mwoga hakosi kesho.

Taa zikapungua, mwisho wa hadithi ukaanza kwenye skrini kubwa. Wei na Sang wamepiga magoti hekaluni, na sauti ya Shih-kai ikajaa ukumbi, na ule woga wake aliouweka kwa ufundi:

"Kaka, usiniache. Kuanzia leo sisi ni ndugu wawili."

Watu elfu mbili wakaisikia. Shih-kai aliyekaa kando yangu aliacha kutabasamu. Akashusha maiki, akanong'ona bila kunitazama:

"Walinzi wako wapi, Ting?"

Nikakodolea skrini macho.

Na Mungu hamfichi mnafiki. Maneno nilibadilisha, lakini picha sikugusa. Wachoraji hawakuwa na muda wa kuzifanya upya, nami nikajisemea nani ataangalia. Basi Wei na Sang wakainamia mbingu. Wakainamia vibao vya majina ya wazazi. Halafu wakageukiana, wakainamiana wao kwa wao.

Binti mmoja huko nyuma akapayuka:

"Eh! Ndugu gani hao wanainamiana mara ya tatu?"

"Hiyo ni ya maharusi!" mwingine akadakia. "Ndugu wa kiapo wanachoma udi, wanaenda zao kunywa!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mimi ningecheka, ningekuwa mtu mwingine.

Kicheko kilikatwa na kijana mmoja mnene aliyepewa maiki ya maswali. Alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi.

"Naitwa Cheng-wu, natengeneza pikipiki. Lile tangazo la kwanza nilimwonyesha baba yangu. Nikamwambia, 'Baba, mimi niko kama hawa.' Hakuniongelesha wiki tatu. Halafu siku moja tunakula, akaniuliza, 'Wale wawili wanaishia wapi?' Nikamwambia, subiri gemu litoke. Sasa leo nikirudi nikamwambie nini?"

Dada Fen akawahi maiki. "Tunashukuru kwa swali lako, tutali..."

Nikamwomba ile maiki. Nikaisogeza mdomoni mpaka ikagonga meno.

"Ni mimi. Hakuna aliyeniamuru. Tuliulizwa tu, nikajitolea. Wale si ndugu, Cheng-wu. Niliwaandika nikitazama nyumba yangu, mimi na mwenzangu. Halafu nikaogopa mama yangu asije akasoma jina langu pale akajua. Na huyu aliyetoa sauti msimlaumu, nilimdanganya. Yeye ndiye huyo mwenzangu. Mwambie baba yako walioana."

Walionipigia makofi walikuwepo. Wa kunizomea pia. Lakini masikio yangu yote yalikuwa kwenye viatu vya Shih-kai, vikishuka ngazi za jukwaa.

Nyuma ya pazia Dada Fen alinikuta nimeegemea ukuta.

"Ungeniambia unaogopa ningekuelewa. Wewe ukaniambia una uhakika! Nimemkubalia mtu wa ng'ambo kwa mdomo wako, sasa nakwenda kumkatalia. Mwisho wa zamani unarudi. Na wewe hutaugusa tena, umenisikia?"

"Nimesikia, Dada."

"Ondoka mbele yangu, Yao-ting. Kamtafute mwenzako."

* * *

Nilimkuta nyumbani anapanga nguo kwenye begi.

"Shih-kai, nimewaambia ukweli. Mbele ya wote."

"Umewaambia watu elfu mbili usiowajua. Hao ni rahisi."

"Nisamehe."

"Unajua kilichoniuma? Wala si gemu. Uliniambia kuna walinzi, nikaitia sauti woga kwa ajili yako. Nilitaka ifurahishe roho yako. Ukachukua sauti yangu, ukaitumia kunikana."

Afadhali angenipiga kofi. Nilisimama pale kama mwizi aliyekamatwa na kuku.

Simu ikaita. Si yangu, yake. Alitazama jina, akaniangalia, akaweka sauti ya nje.

"Kai," ilikuwa sauti ya mama yangu. "Huyo mtoto yuko hapo?"

"Yupo, Mama."

"Usimpe simu. Mtoto wa jirani amenionyesha video. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mama."

Tukasikia televisheni yake ikizungumza peke yake.

"Na wewe amekudanganya?"

"Amenidanganya."

"Basi tumedanganywa wawili." Sauti ikaanza kupasuka. "Miaka sita unaniletea dawa za presha, nami sijui hata nakushukuru kama nani. Mimi mambo yenu siyajui, Kai. Usiniulize kama nimekubali, maana sijui. Lakini mkesha wa mwaka mpya wa jadi njoo ule. Wewe. Yeye nitamwita nikitaka."

Simu ikakatika. Shih-kai akafunga zipu ya begi.

"Usinipigie," alisema. Hakubamiza mlango hata. Aliufunga taratibu, na hilo ndilo lililoniliza.

Siku kumi na moja nilikaa peke yangu. Nilimwandikia jumbe nikazifuta. Nilimpigia Mama, hakupokea. Kila nilichokula kilikuwa na ladha ya karatasi, nikasema stahili yangu.

Mkesha wa mwaka mpya wa jadi, ule wa Februari, mchana, simu ikalia. Ujumbe wa Shih-kai:

"Mama yako anasema panda treni. Lete machungwa. Hajakusamehe. Na mimi hivyohivyo."

Tiketi za viti zilikwisha mwezi mzima nyuma. Nilisimama mpaka Chiayi, nimebanwa na masanduku ya watu, nimekumbatia machungwa, najiuliza nitaanza na neno gani.

Nilipoingia, meza ya mviringo ilikuwa imejaa. Shangazi wawili, mjomba, binamu na watoto wao. Chungu kinachemka katikati. Mama alipokea machungwa, hakunitazama. Shih-kai akatokea jikoni amevaa aproni ya Mama, mikononi ana sahani ya samaki mzima.

"Yao-ting!" Shangazi mkubwa akaita kwa sauti yake ya sokoni. "Huyu kijana fundi wa kupika ni nani? Nimemuuliza mama yako mara tatu, ananiambia ngoja."

"Mimi si wa kujibu," Mama alisema, anapanga bakuli. "Mwenyewe amefika."

Shih-kai alisimama palepale na samaki wake. Jaketi lake lilikuwa limetundikwa karibu na mlango, begi chini yake, halijafunguliwa. Hakunisaidia kwa jicho wala kwa kikohozi. Neno "rafiki" lilinijia mdomoni lenyewe, kwa mazoea tu, nikalimeza.

"Ni mchumba wangu, Shangazi. Anaitwa Shih-kai. Tuko pamoja miaka sita, nimemficha miaka sita. Machi nataka tuandikishe ndoa, kama bado ananitaka."

"Mchumba?"

"Mchumba."

"Huyu mwanaume?"

"Huyu huyu, Shangazi."

Mjomba akasimama, akachukua sigara zake, akatoka nje. Shangazi akamtazama Shih-kai juu mpaka chini, akamtazama Mama, akarudi kwangu.

"Na mtu mwenyewe anapika hivi, wewe ukamficha? Una akili kweli?"

Binamu mmoja akacheka, akaziba mdomo. Shih-kai aliweka samaki mezani, akavuta kiti, akakaa. Si kando yangu. Kando ya Mama.

"Mama," alisema, "ananiuliza mbele za watu. Nimkubali?"

"Usiniulize mimi. Nina hasira naye mpaka Agosti."

Akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu Nangang alinitazama machoni, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimekubali, Ting. Pamoja na hasira zangu zote."

Nikainamisha uso, nikala. Machozi yalidondokea kwenye wali mpaka mtoto wa binamu akauliza nina nini. Hakuna aliyenibembeleza.