Jua Lililofuliwa

Mvua ilikuwa siku ya nne bila kukatika, na nyumba ya dobi ilijaa kamba za nguo za watu zikinuka unyevu. Shati moja tu ndilo lililokauka. Lilikuwa shati la baba yake, limeanikwa katikati ya mengine yaliyokuwa bado yakidondosha maji, nalo lilikuwa kavu, tena la moto, likinuka kitambaa kilichoanza kuungua. Pasi yenyewe ilikuwa baridi tangu jana.

"Upepo huo," dobi alijiambia, maana yeye hakuwahi kukosa jibu. Tangu utotoni baba yake alimwita Mjuaji. Hungemaliza sentensi mbele yake, angekukata katikati: "Najua, najua." Alijua dawa ya doa la wino, alijua nani kamwacha nani kwa kutazama mashuka. Alijua kila kitu ila kunyamaza.

Upepo haukuwapo. Kilichokuwapo ni karata. Asubuhi ile alikuwa ameiokota ndani ya beseni alimofulia shati lile, imetoka mfukoni mwa gauni jeupe la Mama Nyota, mwanamke wa mtaa wa nyuma aliyewapigia watu karata na kuwasomea nyota zao. Ilikuwa na picha ya jua lenye uso wa mtu, maua ya alizeti yakichungulia juu ya ukuta, na farasi mweupe. Mgongoni mwa farasi palibaki doa tupu, umbo la mtoto aliyetanua mikono. Rangi yake ilikuwa imeishia majini. Chini paliandikwa neno moja: JUA. Dobi aliiweka dirishani ikauke, karibu na kiti cha baba.

Baba alikuwa seremala zamani. Msumeno ulimla kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na uzee ukamletea mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa tano sasa haoni kitu. "Huyu ndiye mjukuu wangu," alizoea kumtania binti yake asiye na mtoto, akigusa kope zake. "Wewe umechelewa kuniletea, nikajitafutia mwenyewe." Nao walicheka hadi kikohozi kimshike mzee. Dobi hakuwa na mtu mwingine duniani.

Akamvisha shati lile la moto. Mzee akatulia. Kisha akainua uso, macho meusi, safi kama ya mtoto mchanga, akamtazama sawasawa.

"Unanijua?"

Dobi aliangusha kikapu cha vibanio. "Nakujua, baba! Nakujua kama kiganja cha mkono wangu! Unaniona?"

"Ahsante," mzee akasema.

Majirani walimiminika. Wakasema hiyo ndiyo bahati ya mtende, wakamwambia dobi ashukuru, naye akashukuru. Lakini furaha ilimkauka mapema. Mzee hakuwa akipepesa macho. Chakula alikisukuma kando. Na tangu avae lile shati, ambalo sasa hakubali kulivua, hakuwa amemwita Mjuaji hata mara moja. Alimwita "wewe."

Siku ya tatu baada ya hapo mvua ilikatika. Dobi alitoka uani na beseni lake, akamkuta baba yake amesimama katikati ya uwanja, mikono ameitanua, analikodolea jua bila tone la chozi, anacheka kicheko chembamba cha mtoto wa miaka miwili, na harufu ya kitambaa kinachoungua imetanda uani ingawa hakuna kilichokuwa kikiungua, na vivuli vya miti na nguo na vya beseni lenyewe vyote vimelala upande mmoja kama ilivyo kawaida ya vivuli, isipokuwa cha mzee, ambacho kilikuwa kimelala upande wa pili, kikielekea jua. Akarudi nyuma hatua kwa hatua. Aliogopa, na alichokiogopa ni baba yake mwenyewe.

Dobi akaichukua karata dirishani, akakimbilia mtaa wa nyuma. Mama Nyota aliipokea kwa ncha za vidole. Sauti yake ilishuka.

"Imepata maji?"

"Na sabuni, mama. Nisamehe."

"Watu huililia karata hii. Jua ni furaha, ni afya. Na kwenye nyota, Jua ni baba, ni moyo, ni nafsi ya mtu. Nyumba yake angani ni nyota ya Simba, na simba hapangi chumba na mwenzake." Akagusa lile doa tupu. "Huyu mtoto hakuwa picha tu, mwanangu. Ni jini. Nilimfunga humu mwenyewe, nawe umemfungua kwa sabuni. Mtoto huingia palipo na mtoto mwenzake."

"Mtoto wa jicho," dobi akanong'ona.

"Alikuuliza kama unamjua?"

"Aliuliza. Nikasema nakujua."

"Basi ulimfungulia mlango." Mama Nyota akamrudishia karata. "Atoke leo, saa sita, jua likiwa utosini. Mshikishe hii. Atauliza tena, mara tatu. Ya kwanza, jibu: sikujui. Ya pili, sikujui. Ila ya tatu..."

"Najua, najua!" Dobi alishafika mlangoni. Saa sita haikuwa mbali, na baba yake alikuwa peke yake na kile kitu.

Alimkuta kwenye kigoda uani. Akamtia karata kwenye kile kiganja cha vidole vinne.

"Unanijua?" Sauti ya mtoto.

"Sikujui."

Kioo cha dirisha kikapasuka. Vifungo vya shati vikaanza kuyeyuka, vikichuruzika kifuani, na mzee hakushtuka.

"Unanijua?" Safari hii sauti zilikuwa nyingi, za karibu na za mbali, nyingine zikitoka kwenye nguo zilizoanikwa, na joto likamsukuma dobi usoni hadi akashika nguzo ya kamba asianguke, akalia huku akisema, "Sikujui!"

Mzee akainama. Alipoinua kichwa, utando mweupe ulikuwa umerudi machoni. Mkono wake ukapapasa hewani, ukimtafuta.

"Mjuaji wangu," akasema, kwa sauti iliyochoka. "Mbona kuna mwanga mwingi hivi? Sikuoni. Ni mimi. Unanijua?"

Dobi alitaka kuushika ule mkono. Lakini akajikaza. Jini ana hila, na yeye si mtu wa kudanganywa, alijua.

"Sikujui," akasema.

"Haya, mwanangu," baba yake akajibu polepole. Mkono ukashuka.

Joto likakatika. Mlangoni Mama Nyota aliingia anahema, kiatu mguu mmoja. "Ya tatu unanyamaza! Ya tatu jini humsukuma mbele mwenye mwili! Ukimkana, yeye ndiye anayetoka! Umenyamaza? Niambie umenyamaza!"

Dobi alikuwa ameiokota karata kwenye vumbi. Doa halikuwapo tena. Mgongoni mwa farasi alikaa mzee mwenye macho meupe, mikono ameitanua, na mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Akauita ule uso kwa jina la baba, akauita tena, akaisugua karata kwa machozi yake, lakini machozi hayana sabuni.

Kwenye kigoda, kile kilichokuwa kimevaa shati kikafumbua macho meusi, safi, na kumtazama kwa upole.

"Basi, Mjuaji," kikasema. "Sasa tunajuana."