Mwenzangu Yuko Nyuma

Nyumbani walimwita Kiguu na Njia, kisha jina likafupishwa likabaki Kiguu, maana tangu utotoni hakutulia. Alipotangaza kwamba anatia begi mgongoni kwenda kuzunguka nchi za jirani mwaka mzima, mama yake alilia, akatishia, akanuna. Mtoto wa kike peke yake? Basi Kiguu akamdanganya.

"Siko peke yangu, Mama. Nina mwenzangu."

Mama akapata usingizi, binti akapata safari.

Uongo ule ulimfaa hata njiani. Wasichana wengi wanaosafiri peke yao huutumia: ukiulizwa na usiyemjua, mwenzako yuko nyuma, anakuja. Tatizo ni kwamba watu hawaishiwi maswali. Dereva wa lori aliyempa lifti alitaka kujua mwenzake yukoje. "Mrefu," Kiguu akasema, "mlangoni lazima ainame." Fundi cherehani aliyemshonea mkanda wa begi, mama mcheshi mwenye pini mdomoni, akauliza mbona bwana huyo hafiki, au kaokotwa na mwingine huko? "Mguu mmoja unamsumbua," Kiguu akajibu, wakacheka wote wawili. Kwa Mama, kila alipopiga simu, aliongeza chumvi: mpole, halewi, ana adabu kuliko watoto wako wote.

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo. Katika nyumba ya wageni mlimani, asubuhi, mwenye nyumba aliweka vikombe viwili mezani.

"Mwenzako anatumia sukari?"

"Mwenzangu yupi, Bibi?"

Bibi akamtazama kwa mashaka. "Huyo mrefu. Kafika alfajiri anachechemea. Kaingia chumbani kwako ameinama."

Kiguu hakuwa amemtajia bibi yule mtu yeyote.

Alibeba begi akaondoka bila kunywa chai. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, hakuna mti wala mtu, na kwa muda alijicheka kwa woga wake. Kisha akasikia hatua moja nzito, na baada yake kitu kikiburutwa, hatua, mburuto, hatua, mburuto, na kila alipogeuka barabara ilikuwa tupu, na kila alipoanza tena kutembea sauti nayo ilianza, karibu zaidi, ikija na harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi zikavunda, mpaka harufu ile ikawa kwenye nywele zake na mdomoni mwake, na pumzi ya baridi ikamgusa utosini kutoka juu, pale ambapo mdomo wa mtu mrefu ungekuwa.

Alirudi mbio mpaka kwa bibi.

"Punguza sauti," bibi alinong'ona akifunga dirisha. "Yuko uani. Hebu niambie, ulisema una mwenzako?"

"Nilisema. Kwa usalama tu."

"Majini ya njiani hayana umbo, mjukuu wangu. Wewe umemwita, na kila aliyekuuliza amemwongezea kiungo. Rudi kwa wote. Kila mmoja mwambie ukweli kwa kinywa chako. Na usikanyage kwenu kabla hujamaliza, utamwingiza kwa mama yako."

Hilo ndilo lililomkata maini. Mama alikuwa akiishi peke yake.

Aligeuza safari. Fundi cherehani aliposikia, alitoa pini mdomoni. "Kumbe uliniogopa mimi?" Aliumia kweli, na Kiguu aliona haya kuliko alivyowahi kuona. Lakini alipotoka dukani, mburuto haukuwepo tena. Dereva wa lori Kiguu alimpata kwenye kituo cha mafuta, naye akacheka mpaka akashika usukani. "Ningekuwa na binti, ningemfundisha hivyo hivyo." Baada ya hapo hata pumzi ya utosini ilikoma. Barabara ikawa kimya, hewa ikawa safi, na Kiguu akatembea akiimba.

Akabaki Mama. Huyu Kiguu alimwogopa kuliko wote, kwa sababu uongo ndio uliokuwa ukimlaza usingizi. Mchana, kwenye benchi la stendi, akapiga simu.

"Mama, nisamehe. Nilikudanganya. Sijawahi kuwa na mwenzangu. Nimesafiri peke yangu tangu nilipotoka."

Kiguu alisikia kisu kikikwaruza kitu, polepole.

"Wewe na utani wako," Mama akasema. "Si huyu hapa namenya naye viazi? Kaja tangu asubuhi, anasema kakutangulia. Ana adabu, ulisema kweli."

"Mama, nisikilize..."

"Ila ningekulaumu kwa jambo moja." Sauti ya Mama ikashuka, kwa huruma, asisikike na mgeni. "Mbona hukuniambia kwamba hana miguu? Na mwili wenyewe umekatikia kifuani, maskini. Sijui hata anakaaje kwenye kiti."

Kiguu alisimama, begi likaanguka. "Mama, acha kila kitu. Toka nje. Sasa hivi, Mama."

Kisu kikaacha kukwaruza.

"Mwanangu," Mama alinong'ona, na huruma yote ilikuwa imemtoka. "Anauliza kwa nini umemkana."