Chumvi Kwenye Chuma cha Getrude

Ilianza na chumvi, na mwanzoni Getrude alidhani ni mkono wake umezidisha. Akakanda unga mwingine bila chumvi hata chembe, akakaanga, akaonja. Chapati ilikuwa na chumvi ya kukunja uso, tena chumvi yenye uchungu nyuma yake, kama umemung'unya sarafu. Akaitema kiganjani. Mate yake yalikuwa ya kahawia.

Getrude ana kibanda cha chakula Mikumi, kando ya barabara kuu, pale madereva wa malori wanaposimama kunywa chai kabla ya kuendelea na safari ya Iringa. Mwenyeji wa Mamboya huyo, mwanakwaya wa Anglikana, na kwa usafi ni balaa. Ukichokonoa pua mezani kwake atakuhamisha meza, na sahani yako ataiosha mara mbili. Sasa mtu wa namna hiyo ateme kahawia jikoni kwake mwenyewe. Alisugua meno mpaka fizi zikamuuma.

Kitu kipya jikoni kilikuwa kimoja tu, chuma cha chapati. Mwanawe Casmir, fundi wa kuchomelea, alikipata Dar es Salaam kwenye yadi ya chuma chakavu. Kilikuwa duara nene, kizito cha kubebwa kwa mikono miwili, na pembeni palionekana mahali ambapo bawaba ilikuwa imekatwa. Muuzaji alisema hajui zaidi ya kwamba kilikuja na mabaki ya meli ya zamani sana. Casmir alikipiga grenda kikang'aa, akakichomelea vishikio, na kwa kuwa anamjua mama yake, hapendi chombo kilale chini, akatoboa tundu dogo la kukitundikia ukutani. Getrude alimwombea baraka siku ile, maana chuma kilishika moto vizuri na chapati zilitoka zimeiva sawasawa.

Basi akakiosha kwa majivu, akakisugua kwa steelwire, akakichemshia maji na ndimu. Kesho yake chumvi ikarudi, na pamoja nayo harufu ya nywele zilizoungua. Wateja walianza kunusa vikombe. Halafu Beda, dereva aliyekuwa akila pale miaka yote bila neno, alisimama katikati ya kutafuna, akaingiza vidole mdomoni na kuvuta kitu kilichonasa kati ya meno. Kilikuwa kirefu, chembamba, kimelegea. Alikiweka mezani wakakitazama wote. Ilikuwa ngozi, na ngozi hiyo ilikuwa na vinyweleo.

Beda alitapika hapo hapo, juu ya kitambaa cha meza, na wawili waliokaa karibu wakafuata. Getrude alifuta, akamwagia dawa ya choo, akafuta tena, na machozi yakimtoka kwa aibu akafunga kibanda mchana kweupe. Akamwambia Casmir akitupe chuma chake. Casmir akakipeleka nyuma ya karakana yake, hapo hapo nyumbani.

Sasa hapa ndipo palipo na jambo lenyewe, kwa sababu kibanda kingefungwa tu wangeuza mahindi wakala. Casmir ana mke, Paulina, na Paulina alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka changa. Hii ya tatu nyumba nzima iliibeba pamoja naye. Getrude hakumruhusu hata kuinua ndoo, na kila Jumapili alisimama kanisani kuiombea. Hakukuwa na kitu kingine duniani alichokitaka zaidi ya kumshika mtoto huyo akiwa hai.

Na Paulina alikuwa analamba chuma. Walikuwa wakijua, ndiyo aibu yake. Mwanamke mwenye mimba kula udongo si habari, unauzwa sokoni kwenye sinia na Getrude mwenyewe alikuwa akimnunulia. Paulina alipoacha udongo na kuanza kulamba kijiko, kisha kufuli, kisha ukingo wa chuma cha chapati kilipopoa, mama mkwe alicheka akasema mimba hii itazaa fundi. Nesi wa kliniki alisema ni upungufu wa damu, ale mchicha. Alikula mchicha, na baada ya kula akaenda kulamba.

Asubuhi ya pili tangu chuma kitupwe, Getrude alisikia sauti nyuma ya karakana, sauti ya mbwa anayekunywa maji. Alikwenda na fimbo. Alimkuta Paulina amepiga magoti, tumbo limelala mapajani, chuma amekishika mbele ya uso, na ulimi wake umetoka mrefu kuliko ulimi wa mtu unavyotoka, mweusi, umechubuka, unapita juu ya chuma taratibu kutoka ukingo hadi ukingo, na kila unapopita chuma kinatoa maji ya kahawia yenye mafuta, naye anayanyonya kwa utulivu wa mtoto anyonyaye, huku yakimchuruzika kidevuni na kulowanisha khanga juu ya tumbo. Getrude aliita jina lake. Paulina aliinua uso, akatabasamu, na kwenye meno yake ya mbele kulikuwa na unywele mwekundu usiokuwa wa mtu yeyote wa Mikumi.

Mama huyu wa kanisa aliwaita kwanza wenzake wa maombi, na walipoomba harufu ilizidi mpaka mmoja akazimia. Ndipo, kwa kificho, Casmir akatumwa Masanze kumleta mganga, mzee Melkizedek. Alikuja kwa baiskeli. Getrude alimwamkia shikamoo huku ameangalia pembeni, maana walikuwa wakifahamiana tangu yeye msichana na hakuwahi kudhani atamhitaji.

Melkizedek alinusa, akasema ni jini. Akafanya alichofanya maisha yake yote: akatoa misumari mirefu akaipigilia kwenye pembe za nyumba na kizingitini, kwa kuwa jini na chuma haviketi pamoja, kila mtu anajua hivyo. Akaondoka ameridhika. Alfajiri misumari yote ilikuwa inatoka jasho. Maji ya kahawia yalitiririka ukutani, mazito, yenye chumvi na vipande vya kitu kama mafuta ya nyama yaliyoganda, na nzi wakajaa mpaka ukuta ukaonekana unatembea. Yule mzee alikuwa amemwongezea jini vyumba.

Alirudi mbio, akaing'oa misumari kwa koleo huku ameziba pua kwa kilemba. Akamkalisha Paulina mkekani, akachoma ubani, akamfunika shuka, akaanza kuuliza anavyoulizwa jini akishapanda: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini. Paulina alitikisika. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito na yenye kukwaruza.

"Nimekaa ndani ya chuma kabla babu yako hajazaliwa," ilisema. "Unanitisha na msumari?"

Kisha ikasimulia, na waliomsikiliza mpaka leo hawali nyama ya kuchoma. Ilisema ilitoka kwenye meli ya vita ya Wamarekani, ya zamani, enzi za makaa ya mawe. Juu ya meli kulikuwa na nyumba ya chuma inayozunguka, mizinga imetokeza nje, na watu wamejazana ndani wakiishindilia baruti. Chini kabisa tumboni mwa meli ndiko kulikokuwa na stoo ya baruti. Kati ya juu na chini waliacha tundu moja la kupandishia, limenyooka, wazi moja kwa moja. Watu wazima wenye shule zao, wakachora meli ya mabilioni wakaiacha na tundu kama choo kisicho na mfuniko. Siku moja wakiwa mazoezini mzinga ulifunguliwa na moto ukiwa bado umebaki ndani. Baruti ya juu ikawaka, moto ukaporomoka tunduni, na waliokuwa ndani waliiva wakiwa wamesimama.

"Moto ulikula haraka, ukaacha vingi," ilisema sauti, na ulimi wa Paulina ukapita midomoni. "Mimi nilikula ulichoacha."

Mabaharia waliosha kuta kwa maji ya bahari na brashi, lakini vitu vingine havitoki kwa brashi. Halafu ndipo wakubwa wakapata akili, wakaamuru matundu yawekewe mifuniko. Jini likafungiwa humo. Meli ikapakwa rangi nyeupe, ikazungushwa dunia nzima pamoja na meli nyingine kujionyesha, bendi zinapiga, watoto bandarini wanapunga vibendera, na chini ya ule weupe wote yeye yuko tunduni analamba. Mizinga ya ubavuni waliipanga chini mno, bahari ikichafuka mawimbi yanaingilia humo humo mpaka kwenye vitanda, na chumvi ikateremka ikamfikia. Rangi nyeupe ikafutwa, ikapakwa ya kijivu. Vita vikaja vikapita, zikaundwa meli kubwa zaidi, hii ikawa ya kufundishia vijana, mwishowe ikanyang'anywa mizinga ikafungwa winchi, ikabeba mizigo mpaka ikachoka ikakatwakatwa. Mfuniko ukauzwa, ukauzwa tena, nchi hadi nchi, mpaka yadi ya Dar es Salaam.

Melkizedek akauliza tena kinachotakiwa.

"Tundu," ilisema sauti. "Nipeni tundu la kukaa, huyu nitamwacha na mzigo wake."

Iliposema mzigo, Paulina alishika tumbo kwa mikono yote miwili, akalibonyeza. Getrude akaitikia kabla ya mganga, akasema litapewa, litapewa leo hii.

Getrude ana shamba katika kijiji kiitwacho Ulaya, si mbali na Mikumi, urithi wa marehemu mumewe. Walikwenda wote wanne kwa pikipiki ya matairi matatu, wamemlaza Paulina nyuma pamoja na chuma. Casmir alichimba shimo la kina cha mkono mzima, upana wake pungufu kidogo ya ule mfuniko. Mpango wa Melkizedek ulikuwa rahisi: jini likiingia, lifunikwe kwa kifuniko kile kile kilicholifunga zamani. Walimpigisha Paulina magoti ukingoni, wakamnywesha dawa, na akaanza kutapika.

Alitapika maji meusi kwanza, kisha masizi mazito, kisha nywele, marundo ya nywele nyekundu na za njano zilizofungana kwa mafuta, zikitoka polepole hata ikabidi Getrude, yule yule asiyevumilia kidole puani, azishike kwa mkono mtupu na kuzivuta, akihisi upande wa pili kuna kitu kinazishikilia, huku vijino vikidondoka kimoja kimoja shimoni na harufu ya nyama iliyoungua na bahari iliyooza ikimjaa kooni mpaka naye akatapika juu ya mikono yake mwenyewe, lakini hakuachia, alivuta mpaka mwisho ukatoka. Casmir akatupia mfuniko juu ya shimo. Chini yake kilipiga kitu mara moja, halafu pakawa kimya. Wakafukia, wakaukanyaga udongo kwa miguu.

Paulina alipona siku ile ile. Aliomba wali na maharage. Alipopewa kijiko alikitumia kulia chakula tu, na Getrude alilia kwa furaha. Kibanda kilifunguliwa na chuma kingine, chepesi, cha dukani, na hata Beda alirudi, ingawa kwa muda mrefu aliagiza mandazi tu.

Mtoto alizaliwa kituo cha afya, wa kiume, analia kwa nguvu. Getrude alimpokea mwenyewe. Alimhesabu vidole, akamfungua akamfunga, akambusu nyayo, akamshukuru Mungu kwa Kikaguru na kwa Kiswahili. Casmir alisimama mlangoni akicheka peke yake. Wakamrudisha kwa mama yake anyonye.

Paulina hakumnyonyesha. Alimlaza mapajani, akamwondolea kofia, akamtazama utosini, pale ambapo mfupa wa mtoto mchanga haujafunga na ngozi inapandashuka. Kisha akainama, akatoa ulimi, akapalamba pale taratibu, mara moja, akafumba macho.

Getrude alisogea akagusa utosi kwa kidole. Ulikuwa wa moto. Akakipeleka kidole mdomoni bila kutaka, akakaa hivyo, uso wake ukikunjamana.

"Casmir," alisema kwa sauti ya chini. "Chumvi."

Casmir aliacha kucheka. Alitazama mkono wake wa kulia, mkono wa kazi.

"Mama," alisema. "Lile tundu la kutundikia, pale kwenye mfuniko. Sikuliziba."

Kitandani, Paulina alikuwa ameinama tena.