Mlango wa Nyuma

Jumamosi moja dada yangu Mideva alikuwa akianika nguo, mumewe Elphas akiosha gari. Ndivyo mtaa wa Kapsoya unavyomaliza wiki. Ilikuwa 2011, na gari walikuwa wamelinunua majuzi kwa Kigen, mkulima wa eneo la Ziwa. Lilikuwa na kasoro moja. Likienda, linaenda. Likisimama injini ikinguruma, taa ya injini inawaka manjano, kisha linazima.

Fundi Bethwel alichomeka mashine yake ya kusoma magari. Mashine ikasema hakuna hitilafu. Akabadilisha plagi, akasafisha njia ya hewa, akaliacha lingurume kutwa nzima pale gereji, milango yake yote wazi. Halikuzima.

"Gari ni mzima, Elphas. Labda ni wewe inakuogopa."

Likazima langoni kwao.

Akaitwa pasta. Akapaka boneti mafuta ya zeituni, akakemea mpaka mtaa wa pili wakasikia. Taa haikukemeka. Angalau boneti iling'aa.

Mwishowe Elphas alimpigia Kigen, simu ikiwa kwa spika.

"Ikizima, fungua mlango wa nyuma," Kigen alisema. "Ngoja kidogo. Funga. Itashika."

"Mlango na injini wapi na wapi, Mzee?"

Kigen akajibu: "2008, wakati wa vita vya uchaguzi, nilikuwa nabeba watu nikiwapeleka kambi ya wakimbizi kule showground. Siku moja gari imejaa, nimesimama, injini inanguruma. Mama fulani akagonga mlango wa nyuma. Nyumba yake ilikuwa inaungua. Sikufungua."

Akakata.

Tulicheka. Mimi nina digrii ya fizikia.

Wiki iliyofuata Mama yetu alishindwa kupumua. Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Mideva, miguu imenyooka mpaka mlangoni. Mimi nikakaa mbele. Tulikuwa tunaenda hospitali ya Plateau, asubuhi, jua likiwaka. Lori la mahindi likaziba njia. Tukasimama.

Taa ikawaka. Injini ikazima.

Elphas akazungusha ufunguo. Kimya. Tena. Kimya.

Midomo ya Mama ilikuwa inageuka rangi.

"Fungua mlango," nikasema. Mimi.

"Hakuna nafasi," Mideva akanong'ona.

Mama akasikia. Akakunja miguu, taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi la kanisa.

Elphas akashuka. Akafungua. Hapakuwa na mtu. Gari likadidimia upande ule. Akafunga.

Injini ikashika. Taa ikazimika.

Plateau walimwekea Mama oksijeni, akapona. Tulishukuru, sisi si watu wa kukosa shukrani. Gari halikuzima tena. Bethwel anasema ni zile plagi.

Mama anaishi kwa Mideva mpaka leo. Hulala amekunja miguu, hata ukimnyoosha. Hatumuulizi. Kila asubuhi dada yangu hukung'uta shuka upande wa miguuni, na majivu humwagika, bado yana joto.